Karai Juu ya Kigingi

Mtu mmoja alikuwa na shimo.

Msicheke. Najua mlitegemea niseme shamba, au ng'ombe, au wana wawili. Huyu alikuwa na shimo, na alilipenda kuliko wengine wanavyopenda mashamba yao. Jina lake Eliakimu, mtu wa huku huku milimani, mume wa Nakundwa, baba yake Niwael. Shimo lenyewe lilikuwa katikati ya njia ya kijito, mahali ambapo maji yangepaswa kupita. Kwa nini maji hayakupita hapo, ndiyo habari ninayotaka kuwapa leo, kwa hiyo aliyeleta maandazi ayaweke kando kwanza.

Zamani kidogo dhahabu ilionekana katika kijito kile. Haikuwa dhahabu ya kupasua mwamba kwa nyundo. Ilikuwa imelala chini ya kijito chenyewe, ndani ya mchanga na kokoto, chembe moja hapa, nyingine pale, kama maji yalivyoiteremsha tangu mlima ulipowekwa. Sasa utachimbaje chini ya maji yanayokwenda? Watu wakajenga tuta la mawe na udongo kule juu, wakachimba mfereji ubavuni mwa mlima, wakakitoa kijito katika njia yake. Maji yakapita mferejini, wachimbaji wakayatumia kuoshea mchanga wao, kisha yakadondokea kwenye korongo la upande wa pili ambako hakuna nyumba wala mgomba, yakanywewa na mchanga. Njia ya zamani ikabaki kavu, imejaa mashimo kuanzia chini ya tuta hadi karibu na kijiji.

Huko kijijini kulikuwa na ndiva. Kwa wageni niseme: ndiva ni bwawa la mawe na udongo walilojenga babu zetu. Jioni linafungwa, kijito kinajaa humo usiku kucha, asubuhi linafunguliwa na maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Kijito kilipohamishwa, ndiva ikabaki kungoja mvua tu. Hakuna aliyelia. Siku zile unga ulinunuliwa dukani kwa dhahabu, nani alitaka kuvunjika mgongo juu ya maharage?

Wachimbaji wale walikuwa na desturi moja, na desturi hiyo ilikuwa njema, nasema hivi bila kejeli. Mtu akitaka kupumzika, au akiitwa msibani, au akienda kuona watoto wake, alisimika kigingi kando ya shimo lake na kulifunika karai lake juu yake. Karai lile la chuma la kuchekechea mchanga. Karai likifunikwa hivyo, maana yake mwenyewe atarudi. Hakuna wa kuchimba pale, hakuna wa kuingiza maji pale, na mkono utakaoligusa ni mkono wa mwizi. Palikuwa na watu wa kila namna kwenye kijito kile, wengine hasira zao puani, na bado hapakumwagika damu, kwa sababu kila mtu aliheshimu karai la mwenzake.

Kisha dhahabu ikaisha. Lakini dhahabu haiishi kama sufuria ya ugali, ambayo unaona chini. Hakuna aliyesimama akatangaza. Huyu alisema anakwenda mara moja kumwona mgonjwa, akafunika karai. Yule alisema anafuata koleo jipya mjini, akafunika karai. Wote walisema wanarudi, na nadhani walisema kweli, maana moyo wa mtu haupendi kufunga mlango kwa ufunguo. Miaka ikapita. Kijito kikawa na safu ya vigingi na safu ya makarai yenye kutu, na mfereji ukaendelea kupeleka maji kwenye korongo, mchana na usiku, bure.

Eliakimu hakuondoka. Shimo lake lilikuwa la kwanza kabisa chini ya tuta, na humo, siku za mwisho za uchimbaji, alipata kipande cha dhahabu kikubwa kama harage. Kipande hicho kililiwa zamani, mabati ya nyumba yake ndiyo hicho. Lakini aliamini kwamba harage halizaliwi peke yake kwenye ganda. Basi naye akafunika karai lake, akasema atachimba tena atakapopata nafasi. Kila wiki alipanda kule, akang'oa magugu ukingoni, akalipaka karai mafuta lisishike kutu, akashuka. Kuchimba hakuchimba. Na alipenda kusimulia. Mwanzoni lilikuwa harage. Baada ya miaka michache likawa karanga na ganda lake. Nilipolisikia mimi lilikuwa limeshafika ukubwa wa yai la kware, na Eliakimu alikuwa na furaha kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na moyo wa kumrudisha nyuma.

Nakundwa mkewe alilima maharage kwenye mteremko chini ya ndiva, kama wanawake wengi wa pale. Mvua zilikuwa zinakuja, ndiva ilikuwa inapata kidogo, maisha yalikwenda. Kila kiangazi kikao cha ndiva kilikaa, na kila kiangazi mtu mmoja alisema jambo ambalo wote walilijua, kwamba tuta likibomolewa na mfereji ukizibwa, kijito kitarudi nyumbani kwa siku moja ya msaragambo. Kazi ya pamoja, majembe na makoleo, wanawake wapike, jioni imekwisha. Wote walinyoosha mikono kukubali. Ndipo Eliakimu aliposimama, taratibu, kama mtu anayejali haki za watu, na kuuliza:

"Na karai la Mchome?"

Mchome alikuwa jirani yake wa shimo, mwanaume wa nguvu, aliyekwenda zake miaka mingi nyuma na hajulikani alipo. Shimo lake lilikuwa la pili chini ya tuta. Watu wakakumbuka jinsi Mchome alivyokuwa mkali mtu akigusa koleo lake, wakakumbuka pia kwamba desturi ni desturi. Mikono ikashuka mmoja mmoja. Nawaomba mtazame vizuri hapo, ndugu zangu, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokaa. Eliakimu hakusema hata mara moja, "Na shimo langu je?" Hilo lingemwonesha alivyo. Alisema la Mchome. Na wale wengine, ambao nao kila mmoja alikuwa na kaka au mjomba mwenye karai pale juu, na kamoyo kadogo kanakosema huenda, huenda, walishukuru kimya kimya kwamba yupo mtu wa kuuliza.

Ukaja mwaka ambao vuli ilinyunyiza tu ikaondoka. Maharage yalikuwa yameota vizuri, yakafika kutoa maua, na jua likawaka. Mnajua maharage. Yakikosa maji wakati wa maua, hata ukiyanywesha baadaye unanywesha majani. Ndiva ilikuwa tope, kisha ikawa udongo wenye nyufa. Chakula cha mwaka mzima cha kijiji, na mbegu ya mwaka unaofuata, vilikuwa juu ya mteremko ule vinasinyaa, na kila mtu alijua kwamba wiki ile ikipita bila maji, basi.

Nakundwa akaanza kupanda mlima. Alipita njia kavu ya kijito, akapita mashimo na makarai, akafika kwenye mfereji, akachota, akateremka na ndoo kichwani, akamimina kikombe kimoja kwenye kila shina. Wanawake wengine wakafanya hivyo hivyo. Ndoo yake ilikuwa ya plastiki, ya zamani, ikapasuka ubavuni. Akamwomba mumewe karai lake, lile lililopakwa mafuta, zima kabisa, lenye kuchukua maji mengi kuliko ndoo. Eliakimu akamwambia haiwezekani. Akamweleza kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, kwamba karai likiondolewa kwenye kigingi shimo halina mwenyewe, na mtu yeyote anaweza kuingia. Mtu gani? Nakundwa hakuuliza. Akaziba ufa wa ndoo kwa kipande cha sabuni, akarudi mlimani, na maji yalimchuruzika mgongoni njia nzima, yakawa na povu.

Sasa sikilizeni jinsi Mungu anavyopenda mzaha. Wiki hiyo hiyo Mchome akarudi.

Alikuja kwenye harusi ya mtoto wa dada yake, akiwa amenenepa, ana kitambi cha amani, na gunia la vitunguu begani kama zawadi. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa tambarare analima vitunguu, ana mke, ana watoto, na dhahabu hajaiwaza. Kijiji kikashtuka. Kikao cha ndiva kikaitishwa haraka, wazee wakavaa makoti, akachinjwa jogoo, na mwenyekiti wa ndiva akaanza hotuba ndefu ya heshima. Alisema wanajua haki yake. Alisema hawajamgusia kitu. Alisema wanamsihi, kwa ajili ya maharage ya kina mama, kama angeweza kufikiria, hata kama si leo. Mchome alikuwa anatafuna paja la kuku na kutazama huku na huku. Hakuelewa kabisa watu wazima hawa wanalilia nini. Mwisho wakaona wampeleke akajionee, wakapanda mlima wote, wanaume na wanawake, Eliakimu akiwa mbele kwa sababu njia alikuwa anaijua kuliko wote.

Walipofika kwenye shimo la pili, Mchome akasimama mbele ya kigingi. Akaliangalia karai. Akazunguka upande wa pili. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye kokoto na kujishika mbavu.

"Hili? Jamani, hili niliacha hapa kwa sababu lilikuwa limetoboka."

Akainuka, akalitoa kigingini, akaliinua juu, na jua likapita kwenye tundu, tundu la kutosha kupitisha kidole gumba. Alieleza, huku akijifuta machozi, kwamba alijaribu kuliziba kwa sabuni likagoma, akaona hana haja ya kubeba chuma kibovu njia yote hiyo, akalitupia juu ya kigingi akaenda zake. Watu wakatazama lile tundu. Wakayafikiria maji yote yaliyokwenda korongoni miaka hiyo yote kwa heshima ya tundu lile. Hakuna aliyecheka isipokuwa Mchome, na naye alipoona hacheki na mtu akanyamaza.

Mwenyekiti akaanza kwenda kigingi hadi kigingi. Makarai mengine yalikuwa kutu tupu, yakiguswa yanamomonyoka mkononi. Wake na dada za wenye makarai walikuwa pale pale, nao wakayatoa, wakayalaza chini. Mwisho likabaki moja. Liling'aa kwa mafuta. Kila mtu alilitazama, halafu kwa adabu kila mtu akatazama pengine, huku wakisikia mfereji unavyopita juu yao. Mwenye karai alikuwa hai, alikuwa amesimama pale, na hakuna desturi duniani inayoruhusu kumvua mtu karai mbele ya macho yake.

Eliakimu akakohoa. Akaanza kusema habari za kile kipande, na safari hii kilikuwa karibu na yai la kuku. Nakundwa alikuwa nyuma ya watu na ndoo yake ya sabuni. Alipita katikati yao akaja mbele, na hakupandisha sauti.

"Baba Niwael, na mwenye karai hili atarudi lini?"

Mtu anaweza kumjibu Mchome. Anaweza kulijibu hata kanisa zima. Lakini swali kama hili, kutoka kwa mtu ambaye mgongo wake umelowa, unalijibu nini? Eliakimu akalitoa karai lake kigingini, kwa mikono miwili, na badala ya kwenda kwenye tuta akateremka nalo shimoni. Watu wakaguna. Akachimba kwa mikono chini kabisa, akajaza karai mchanga, akapanda nalo hadi mferejini, akachuchumaa, akaanza kulizungusha kama zamani. Alikuwa hajasahau. Mchanga mwepesi ukatoka na maji, kokoto zikatoka, ukabaki ule mchanga mweusi mzito unaobaki chini siku zote. Akaupeperusha kwa maji kidogo kidogo.

Na ilikuwepo. Nisiwadanganye ili mfano wangu upendeze. Ingekuwa rahisi kwangu niseme karai lilikuwa tupu, mzee akakata tamaa, mambo yakaisha. Lakini ilikuwepo chembe moja ya dhahabu, ndogo kuliko mbegu ya mchicha, ya njano, inacheza kwenye mchanga mweusi. Eliakimu aliiona. Mimi naamini hiyo ndiyo dakika iliyokuwa ngumu kuliko zote katika maisha yake, kwa sababu chembe ile ilitosha kumkalisha pale miaka mingine mingi. Akamwita mkewe peke yake aje aone. Nakundwa akainama, akaiona. Hakumbeza, hakumsihi, alimwekea tu mkono begani kwa sababu kwenye mteremko ule kuinuka ni shida.

Eliakimu akalizamisha karai mferejini, likasuuzika. Akaenda kwenye ukingo wenye udongo wa mfinyanzi, akalijaza, akaja akaumwaga kwenye mdomo wa mfereji. Akarudi akajaza tena. Mara ya tatu hakuwa peke yake. Hakuna aliyepiga baragumu la msaragambo, lakini watu walikuwa wamekuja na majembe tangu mwanzo, tena wengi, jambo linaloonesha kwamba matumaini walikuwa nayo hata walipokuwa hawasemi. Wengine wakaziba mfereji, wengine wakabomoa tuta, Mchome na kitambi chake akabeba mawe makubwa kuliko wote, na kwenye saa kumi kijito kikaingia nyumbani.

Kiliingia kwanza kwenye shimo la Eliakimu. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo, yakazunguka humo, yakajaa, yakafurika, yakaenda kwenye la Mchome, na hivyo hivyo hadi chini. Eliakimu alisimama akitazama. Waliokuwa karibu wanasema alitoa machozi, halafu akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo, akamwuliza mkewe kama kuna chai. Jioni ndiva ikafungwa. Asubuhi ilikuwa haijajaa, ila ilikuwa na maji, na zamu ya kwanza kwa kauli moja alipewa Nakundwa.

Maharage hayakupona yote. Ya ukingo wa juu yalikuwa yameshakufa, na hayo hayakurudi kwa sababu watu walitubu. Lakini ya kati na ya chini yalibeba, watu wakala, mbegu ikapatikana. Nilipita pale mwaka uliofuata na nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi hadi nikasahau nilichokwenda kuhubiri. Kijito kimejisafisha. Shimo la Eliakimu limekuwa kidimbwi kizuri, maji meupe, wanawake wanafulia hapo na kubishana kwa raha zao. Karai la Mchome lipo kwa dada yake, limejazwa udongo na miche ya vitunguu, na lile tundu ndilo linalofaa sasa, maana miche haitaki maji yasimame. La Eliakimu lipo jikoni kwake. Nilimkuta anachambua maharage humo, mkewe akimsaidia, akatoa yale mabovu akayatupia kuku.

Nikamwomba anisimulie habari ya kile kipande. Alisimulia kwa furaha ile ile ya zamani. Alipofika kwenye ukubwa akatia mkono karaini, akachagua harage moja la kawaida, akanionesha. Akasema kilikuwa hivi.

Haya, mfano wangu umekwisha na maandazi yamepoa. Mlikuja hapa kila mmoja na jambo alilosema atalirudia akipata nafasi, na wapo watu nyumbani wanaobeba maji kwa ndoo iliyopasuka kwa sababu ya jambo hilo. Msinijibu kuhusu karai la Mchome. Lile ulilolipaka mafuta wewe mwenyewe, mwenyewe atarudi lini?